Neno «Utuopoe» na Mikesha ya Kufungua

Hakuna siku inayopita bila sisi Wakristu kusema neno «utuopoe». Twalisema asubuhi na jioni, twalisema katika Misa Takatifu kabla ya kupokea Ekaristi, na mwenye kusali rozari hulisema katika kila fungu. Lakini ni wangapi waliopata kusimama kidogo na kujiuliza neno hilo linaomba nini? Sisi wenyewe ni walimu wa dini. Tumewafundisha watoto Baba Yetu mwaka baada ya mwaka, tumewasahihisha matamshi, tumewapigia makofi walipoimaliza bila kukosea, na neno hilo tukalipita tu, kama mtu apitaye kando ya nyumba ya jirani. Aliyetusimamisha ni mtoto mmoja, ambaye habari zake tutazieleza mbele kidogo. Kwanza na tulitazame neno lenyewe.

Kuopoa ni neno la maji. Mtu huopoa ndoo iliyoanguka kisimani, huopoa mtumbwi uliozama, huopoa mwenzake anayekufa maji. Sisi tunaokaa Kisangani hatuhitaji kufunguliwa kamusi. Nendeni kwenye maporomoko ya Boyoma, pale chini kabisa, mkawatazame Wagenya. Wamesimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, mahali maji yanaponguruma hata mtu hasikii sauti ya mwenzake, nao wamefunga humo vikapu vyao virefu vyenye umbo la pembe, mdomo ukielekea mkondo. Saa ikifika hupanda juu ya miti ile, huvuta kamba, na kikapu hutoka majini. Kazi yote ni mkono, na kamba, na mguu usioteleza. Anayeteleza hushikwa na wenzake. Hatujapata kusikia kwamba kwanza walikaa kikao juu ya mwamba kuulizana nani amemroga hata akateleza. Kama wana kikao cha namna hiyo, basi hukaa baada ya kumtoa.

Ndugu zetu Waprotestanti, katika Biblia yao ya Kiswahili, huomba waokolewe na yule mwovu. Sisi huomba tuopolewe maovuni. Wako watu waliofanya ugomvi juu ya jambo hili, ati wao wamtaja shetani nasi twamficha. Ugomvi huo hauna msingi. Neno la Kigiriki lililo katika Injili ya Mathayo laweza kusomwa namna zote mbili, uovu au mwovu, na la Kilatini vilevile. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yaeleza wazi kwamba uovu unaotajwa katika ombi hili si wazo tupu, ni nafsi, ndiye Shetani, malaika aliyemwasi Mungu. Basi asije mtu akatusoma vibaya. Hatuandiki hapa kusema kwamba shetani hayuko. Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, ulifundisha kwamba yeye na wenzake waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakajifanya waovu wenyewe. Na Baba Mtakatifu Paulo VI, tarehe 15 Novemba 1972, aliwaambia waamini kule Roma kwamba kujikinga na huyo ni mojawapo ya mahitaji makubwa ya Kanisa. Hayo twayaamini, na ndiyo tunayofundisha. Tunalotaka kulipima ni jambo jingine, nalo ni sala zinazosaliwa siku hizi katika mji wetu ili kumfukuza.

Mtu akitembea usiku wa Ijumaa, toka Makiso kuelekea Mangobo au Kabondo, atazisikia kabla ya kuziona. Vipaza sauti vinalia, watu wanapiga miguu chini, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia. Tangu miaka ya 1990 makanisa ya uamsho yamezaliwa katika nchi yetu moja baada ya jingine kama uyoga baada ya mvua, na desturi zao zimeingia polepole katika makundi ya sala ya kwetu wenyewe. Leo Mkatoliki haimlazimu kwenda kwa jirani kutafuta mkesha wa kufungua. Anaupata katika shirika lake, kati ya watu aliobatizwa nao.

Tuseme kweli: wako mambo ambayo twawaonea wivu. Watu hawa husali. Husali saa sita mfululizo, wakati sisi twalalamika padri akihubiri dakika thelathini. Huwaendea wagonjwa na jirani waliofiwa, hukesha nao, hufunga chakula kwa ajili yao. Maandiko wameyashika kichwani kuliko wengi wetu tuliosoma seminari. Tena Kiswahili chao ni kitamu, vitenzi vifupi vyenye nguvu: kata, vunja, choma, funga, fungua. Kila kitenzi kinapigwa kama ngoma, na mtu aliyechoka kwa taabu za wiki nzima anajisikia kuwa ameinuka.

Lakini tulipata kukaa katika mkesha mmoja toka saa tatu ya usiku hata alfajiri, na kalamu mkononi kama mwanafunzi, tukajaribu kuandika kila neno lilikuwa linaambiwa nani. Saa ya kwanza waliambiwa Mungu Baba, na Yezu Kristu, na Roho Mtakatifu. Karibu na usiku wa manane Mungu alikuwa amekwisha kusahauliwa. Aliyeitwa, aliyetukanwa, aliyeamriwa, aliyeulizwa maswali, alikuwa shetani. Jina lake lilitajwa mara nyingi kuliko jina la Bwana wetu, na majina ya watumishi wake yakatajwa yote, pepo wa umaskini, pepo wa utasa, pepo wa ukoo, pepo wa majini, kama katika litania. Sisi tulifundishwa tangu utoto kwamba sala ni kuzungumza na Mungu. Mkesha ule, kuanzia saa sita, ulikuwa mazungumzo na adui.

Tazameni pia nani anatenda. Katika Baba Yetu mwenye kutenda ni Mungu, nasi ndio tulio majini. Yeye huopoa, sisi huopolewa. Katika sala zile mwenye kutenda ni «mimi»: nafunga, navunja, nachoma, naamuru. Mtu aliyekuwa akizama amegeuka kuwa jemadari, na jemadari hawezi kukaa bila adui wa kumwonyesha kidole. Hapo ndipo linapokuja swali tunaloliogopa. Baada ya saa nyingi za vita, na maisha yakiwa yale yale, mtoto bado mgonjwa, kazi bado haijapatikana, watu huuliza: nani anatuzuia? Na jibu, karibu kila mara, linakaa ndani ya nyumba.

Tuwaeleze sasa yale tuliyoyaona. Miaka michache iliyopita, katika shirika tulilokuwa tukilitembelea, mama mmoja alifiwa na mtoto wake wa miezi kumi na minne. Homa ilimshika siku ya Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Baada ya matanga kundi la sala lilikuja nyumbani kumfariji, nasi tukaalikwa. Walisali vizuri. Mama alilia, nasi tukafurahi kuona analia, maana tangu maziko hakuwa ametoa machozi. Kisha mwenye kuongoza, mbatizwa wa parokia na mtu tuliyemheshimu, alinyamaza, akafumba macho, akasema Bwana anamwonyesha mlango uliofunguliwa toka ndani. Toka ndani! Nyumbani mle walikuwamo baba, mama, binti zao wawili, na kijana wa miaka tisa, mtoto wa marehemu dada ya mama, aliyekuja kulelewa pale. Hakuna aliyetaja jina. Haikuhitajika. Tuliona macho yakihama moja moja mpaka kwa yule kijana aliyeketi karibu na mlango na sahani ya wali mapajani. Kiongozi akasema: «Na tuseme Amina.» Nasi tukasema Amina.

Tumeliandika neno hilo kwa kusudi. Tulisema Amina kwa adabu, kama mtu asemavyo mwishoni mwa sala yoyote, tukapanda toleka tukarudi nyumbani kula. Majuma matatu yalipita kabla hatujapita tena njia ile. Kijana alikuwa akilala jikoni. Watoto wenziwe walimwita ndoki. Alikuwa amefungishwa siku tatu bila chakula wala maji, ati atapike kile alichokula usiku na walozi wenzake. Tulimkuta amekaa juu ya kinu kilicholazwa, midomo imepasuka, na alipotuona alisimama akatusalimu: «Shikamoo, mwalimu», kama tunavyowafundisha.

Yule mama si mtu mbaya. Twamjua. Alikuwa amemzika mtoto, akauliza kwa nini. Sisi tulimjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, tukaenda zetu. Yule kiongozi alimpa jibu lenye uso na jina, na jibu la namna hiyo ni rahisi kulishika kuliko la kwetu. Tukimlaumu mama bila kujilaumu sisi tutakuwa tumesema uongo.

Jambo hili si geni, wala si la mji wetu peke yake. Mwaka 1925, katika nchi iitwayo leo Zambia, mtu mmoja wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, jina lake Tomo Nyirenda, alitokea akijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Alikuwa amefuata mafundisho ya Watch Tower, akabatiza watu kwa kuwazamisha mtoni. Yule aliyezama mwili mzima alihesabiwa mwema. Yule ambaye maji hayakumfunika vizuri alihesabiwa mlozi, akauawa. Makumi ya watu walikufa hivyo, na alipovuka mpaka kuingia Katanga aliendelea vilevile upande wetu wa Kongo. Waingereza walimnyonga mwaka 1926. Tunapolisoma tukio hili tunatetemeka kwa sababu ya yale maji. Maji ya Ubatizo, ambayo Kanisa huyatumia kumzaa mtoto wa Mungu, yalifanywa kipimo cha kumtafutia mtu hatia. Maji yalikuwa yale yale, na hata maneno yaliyosemwa juu yake huenda yalifanana na yetu.

Nasi wa Kisangani hatuna haki ya kuwacheka watu wa 1925. Mwaka 1964, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville, Wasimba waliuteka mwanzo wa mwezi wa Agosti. Vijana wale walitiwa dawa na kunyunyiziwa maji, wakaenda vitani wakiita «Mai Mulele», risasi zigeuke maji. Dawa ilikuwa na miiko mingi. Basi aliyepigwa risasi akafa, wenzake walisema amevunja mwiko. Dawa haikukosa hata siku moja, siku zote aliyekosa ni mtu. Msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kuona ndugu ya hoja hii katika mikesha yetu. Sala ya kiongozi haikosi. Kama mgonjwa hajapona, yuko mmoja nyumbani anayezuia.

Mama Kanisa ameliona hatari hii zamani. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa yasema hakuna awezaye kumzingua mtu aliyepagawa bila ruhusa ya wazi ya Askofu wa mahali, na ruhusa hiyo hupewa padri peke yake, tena padri mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Wengine huona kwamba hii ni kazi ya wakubwa kulinda cheo chao. Lakini someni barua ambayo Idara ya Mafundisho ya Imani iliwaandikia Maaskofu tarehe 29 Septemba 1985, siku ya sikukuu ya Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mle imekatazwa kwamba watu wasio na ruhusa waongoze mikutano ambamo mapepo huulizwa maswali na kutafutwa majina yao. Kwa nini maswali yakatazwe? Kwa sababu Yezu Kristu mwenyewe alimwita shetani baba wa uongo. Ukimwuliza baba wa uongo ni nani amemleta, unategemea akujibu kweli? Tena kitabu cha ibada ya kuzingua kilichotolewa upya Roma mwaka 1998 kinamwonya padri juu ya waamini wanaodhani wamerogwa au wamelaaniwa, wao au jamaa zao au mali zao. Asiwanyime msaada wa kiroho, asali nao. Lakini asiwafanyie ibada ya kuzingua.

Mtu atatujibu: Bwana wetu naye aliuliza jina, kule katika nchi ya Wagerasi, mtu yule aliyekaa makaburini. Kweli aliuliza. Lakini mwangalie anayeulizwa na jibu lililotolewa. Aliulizwa yule aliyemo ndani ya mtu, akasema wako wengi. Hakutajwa shangazi, wala jirani, wala mtoto wa kulelewa. Na mtu alipopona, alitaka kumfuata Yezu katika mashua, naye akamkatalia, akamrudisha nyumbani kwa watu wake. Mwisho wa kuzingua kule ulikuwa mtu kurudi nyumbani. Mwisho wa ule tuliouona sisi ulikuwa mtoto kutolewa nyumbani akalale jikoni. Hata wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa, wakauliza kosa ni la nani, lake au la wazazi wake, Bwana alilikataa swali lote zima. Alitema mate, akafanya tope, akampaka macho, akampeleka kunawa.

Naye Mtakatifu Paulo, ambaye maneno yake juu ya silaha za Mungu husomwa katika kila mkesha wa vita vya kiroho, alitangulia kusema kwamba kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Twashangaa jinsi kofia ya chuma, ngao na upanga vinavyohubiriwa kwa saa nzima, na sentensi hiyo inayotangulia ikaachwa. Mtoto wa miaka tisa ni damu na nyama.

Je, uovu hauna kabisa watu wanaoutenda? Unao, nasi tumewaona. Toka tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yote mawili yakiwa mageni, yalipigana humu mjini mwetu siku sita. Mabomu yalianguka kwa maelfu juu ya nyumba za watu. Uovu ule ulikuwa na bendera na wakubwa wenye majina. Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, tarehe 9 Februari 2022, iliiamuru Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325 kwa mabaya ya vita ile. Lakini mahakama husikiliza mashahidi, hupima karatasi, humpa mshtakiwa nafasi ya kujibu. Kijana yule alishtakiwa na ndoto, na hakuulizwa neno. Wako Wakristu wasiojua kwamba Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto yamtishia kifungo anayefanya hivyo. Yafaa viongozi wa mashirika yetu waisome. Haifai polisi awe ameielewa Injili kabla ya katekista.

Tumekwisha kuwalaumu watu wa mikesha vya kutosha. Sasa zamu yetu. Mapadri wa kwanza walipofika hapa, Padri Gabriel Grison na wenzake wa Shirika la Moyo Mtakatifu, mwaka 1897, na wengi waliowafuata, mara nyingi waliambiwa habari za uchawi wakajibu kwamba ni upuuzi. Watu wakaitikia ndiyo padri, kisha usiku wakaenda kwa mganga, kwa kuwa hofu haiondoki kwa kuitwa upuuzi. Askofu Mkuu Emmanuel Milingo wa Lusaka aliliona pengo hili. Alipewa uaskofu na Paulo VI mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 39, na tangu mwaka 1973 alianza kuwaombea wagonjwa na waliosumbuliwa na mapepo. Watu walimjia kwa wingi. Roma ilimwita mwaka 1982, na mwaka uliofuata akaacha jimbo lake. Yaliyofuata yanajulikana: kuoa mwaka 2001 mbele ya Sun Myung Moon, kutengwa na Kanisa mwaka 2006, kuondolewa ukasisi mwaka 2009. Wengi hukutumia kuanguka kwake kufunga mlango aliofungua. Sisi twaona hilo si haki. Mwisho wake ulikuwa mbaya, lakini swali alilouliza mwanzoni lingali likiuliza: mtu akija na hofu yake ya kweli, katika parokia yetu nani atamsikiliza?

Maana dawa tunayo, nasi twaiweka kabatini. Wakatekumeni hufanyiwa sala za kumfukuza shetani katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima, mbele ya watu wote, na mara nyingi twazisoma haraka kana kwamba ni tangazo la mchango wa bati. Mafuta ya wakatekumeni hupakwa ili mtu apate nguvu ya kushindana na mwovu. Ni wazazi wangapi walioelezwa hivyo? Mpako wa Wagonjwa wanauogopa kama hukumu ya kifo. Na Kitubio, ambapo shetani hunyang'anywa mtu bila kelele yoyote, twakitangaza kuwa ni Jumamosi saa tisa, basi. Kama sala hizi zingefanywa na kuelezwa kwa moyo ule ule ambao kiongozi wa mkesha anautumia kumtukana ibilisi, sidhani yule mama angehitaji mlango uliofunguliwa toka ndani.

Tunapenda kumtaja hapa binti mmoja wa upande wetu, maana katika mazungumzo ya vita vya kiroho hatajwi kamwe, nasi hatuelewi kwa nini. Mwenye heri Maria Klementina Anuarite, sista wa Jamaa Takatifu, alizaliwa karibu na Wamba mwaka 1939. Wasimba waliwachukua yeye na masista wenzake wakawapeleka Isiro, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964 koloneli mmoja alitaka kumfanya mke wake. Akakataa. Alipigwa, akachomwa kwa singe, akapigwa risasi, na kabla ya kufa alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri kule Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku ile naye akamsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote. Waliomzunguka usiku ule walikuwa wenye dawa na hirizi. Yeye mfukoni alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, ambayo kwayo mwili wake ulitambuliwa baadaye. Hakuchoma wala hakufunga mtu. Tena Mungu hakuigeuza risasi kuwa maji. Mahubiri yanayoahidi kikapu kijae samaki kila siku hayana mahali pa kumweka Anuarite, na huenda ndiyo sababu hatajwi.

Tuwarudishe kwa yule kijana. Sisi tuliyemkuta juu ya kinu tulikwenda kwa padri, padri akaja, maneno mengi yakasemwa, watu wakaitikia ndiyo. Lakini aliyemtoa alikuwa bibi yake, mama wa marehemu mama yake, aliyesikia habari akavuka mto kwa mtumbwi asubuhi moja. Hakubishana na kundi la sala. Hakuuliza nani alisema nini. Aliomba nguo za mtoto, akazifunga katika kitenge, akamshika mkono wakashuka pwani. Tulikumbuka siku ile jinsi binti Farao alivyomtoa Musa majini. Alijua vizuri ni amri ya nani iliyomtupa mle, maana ilikuwa amri ya baba yake mwenyewe, naye akamtoa, akamwita jina la kutolewa majini. Ndipo tulipolisikia kwa mara ya kwanza lile neno tulilokuwa tukiwafundisha watoto.

Kijana hakuwa amebatizwa bado, kwa hiyo akaandikwa pamoja na wakatekumeni. Mwaka huo wa mwisho, Juma Kuu, tulikuwa tukiwazoeza majibu ya Kesha la Pasaka: padri atauliza kama mnamkataa shetani na kazi zake zote, nanyi mtajibu kwamba mnamkataa. Wengine walijibu kwa sauti. Yeye alikaa kimya. Mafundisho yalipokwisha alibaki nyuma, akasema: «Mwalimu, nikijibu kwamba namkataa, si watasema kumbe nilikuwa naye?»

Tulimweleza kwamba usiku ule swali hilo huulizwa watu wote, waliobatizwa zamani na wanaobatizwa, wenye mishumaa yote. Yule kiongozi wa kundi ataulizwa. Mama yake mdogo ataulizwa. Sisi walimu tutaulizwa, nasi tutajibu mbele yake. Akafikiri. Akauliza kama bibi naye ataulizwa. Tukamwambia ndiyo, na bibi pia. Hapo akacheka, maana bibi yake ni kiziwi kidogo, na mwaka uliotangulia alijibu kwa sauti kubwa kabla padri hajamaliza kuuliza.